Sogea, Taja, Nyamaza

Mwalimu Emilia alikuwa na uchovu wa aina ile isiyotibika kwa kulala. Ulimwingia mifupani zamani, tangu alipotoka kwao Masasi akiwa msichana wa misheni mwenye sketi iliyopigwa pasi, akapandishwa huku juu Makondeni kufundisha darasa la kwanza. Aliambiwa ni kwa mwaka mmoja tu. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na tisa. Mwingereza alikuwa bado yupo, mume alikwisha kuzikwa, na darasa la kwanza lilikuwa lile lile, ila kila Januari aliletewa watoto wapya wasiojua kitu.

Kufundisha watoto wadogo ni kazi, lakini kuwafundisha mahali pasipo na maji ni adhabu. Ardhi ya huku juu ni mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga hunywa kabla ya watu. Akina mama huteremka genge, ule mteremko mkali, alfajiri kufuata maji bondeni, na wanapopanda nayo kichwani jua limeshakuwa kali. Kwa hiyo watoto huja shuleni wakiwa na kiu, na mtoto mwenye kiu hana subira ya maneno. Husukuma, hung'ata, hunyang'anya kibao cha mwenzake. Mwalimu Emilia alitumia fimbo miaka sita ya mwanzo, mpaka mkono ukamchosha naye akaona kwamba wanaochapwa leo ndio wanaong'atana kesho.

Ndipo akabuni somo lake. Halikuwa kwenye ratiba ya serikali wala ya misheni. Kila asubuhi, baada ya kuita majina na kabla ya a-e-i-o-u, aliwafundisha watoto kusemezana. Aliyeumizwa alisimama akasema, "Nimeumia," kisha akaeleza panapouma. Aliyekosa alikuwa na mambo matatu ya kufanya, na watoto waliyaimba kama hesabu: sogea, taja, nyamaza. Sogea, maana radhi haiombwi kwa kupiga kelele kutoka mbali, wala kwa kumtuma mtu. Taja, maana "kama nimekukosea" si neno la mtu mzima wala la mtoto; sema ulichofanya. Nyamaza, maana ukishasema kazi yako imekwisha, na mwenzio akisamehe au asisamehe, hiyo ni yake, asiharakishwe.

"Nilikung'ata sikio la kushoto," alisema Vitalis siku moja mbele ya Dominika.

"La kulia," alisema Dominika, ambaye alikuwa na miaka saba na ulimi wa mama mkwe.

"La kulia," alikubali Vitalis, kisha akanyamaza mpaka hesabu zikaisha, maana Dominika hakuwa na haraka.

Walikuwa arobaini na mmoja, na karibu wote walishawahi kusimama mbele kwa kesi. Karibu wote, nasema, kwa sababu alikuwepo Pili wa mkeka wa mbele, ambaye hakuwahi kumshtaki mtu wala kushtakiwa. Akiitwa aliitika "Nipo" upesi, hata kabla jina halijaisha, kisha hakusikika tena mpaka kengele. Mwalimu Emilia alikuwa akimtazama na kumshukuru Mungu. Laiti wote wangekuwa kama Pili, alijiambia, ningefika uzeeni na meno yangu.

Lakini kisa hiki kilianza na mtoto mwingine. Huyu alizaliwa baada ya ndugu zake wawili kufa wachanga, kwa hiyo mama yake akafanya kama wafanyavyo wenye akili. Mtoto alipozaliwa tu akalazwa penye takataka, jirani akapita, akajifanya amemwokota, akamrudisha kwa mamaye kama kitu kisicho na mwenyewe. Akaitwa Jalala. Mauti huchagua vizuri, hayaokoti ovyo. Mtoto akakua, akaletwa shule kwa jina hilo, na kwa jina hilo akaandikwa kwenye daftari la mahudhurio kwa wino, nambari kumi na saba.

Mwezi wa nane akaenda jandoni, jando la misheni lenye padri na sala, akatoka huko na jina la Dastani. Na hapa ambaye si mtu wa huku aelewe: jina la utotoni likishazikwa jandoni, limezikwa. Baba halitaji, na hata mama aliyelichagua halitaji, wala halifanyiwi mzaha. Anayemwita kijana kwa jina lile amemwambia mbele za watu kwamba hajawa mtu. Mama mwenyewe, aliyeitwa Mama Jalala kwa miaka minane, aliamka siku hiyo akawa Mama Dastani, akaanza kujifunza kuitika upya.

Mwalimu Emilia aliyajua yote hayo, kwa kuwa hata kwao Masasi mambo ni hayo hayo. Alikuwepo vijana walipotolewa jandoni, alikula wali wao, na alimpa Dastani shati jipya la kitambaa cha marekani alilolishona kwa mkono wake. Lakini daftari lilikuwa mali ya serikali, na mkaguzi alikataza majina kufutwafutwa katikati ya mwaka. Basi akaandika "Dastani" kwenye kikaratasi, akakichomeka kwenye ukurasa ili macho yake yakione kwanza. Kikaratasi kikafanya kazi vizuri kwa wiki tatu.

Jumamosi moja alikwenda Newala kwa miguu kufuata chaki. Chaki hazikuwepo, akarudi kwa miguu. Jumatatu asubuhi alikaa mezani, shavu limeegemea kiganja, akaita majina huku akili yake iko kwenye nyayo zilizokuwa zikiwaka moto. Upepo ulikuwa umekwisha kupeperusha kikaratasi chini ya meza. Macho yakasoma, mdomo ukafuata.

"Jalala."

Kicheko kimoja kilitoka, cha Vitalis, kikakatika njiani. Kijana akasimama na shati lake jipya. Hakulia. Alimtazama mwalimu kwa muda, akaweka kibao chake sawasawa juu ya mkeka, akatoka nje.

Mwalimu Emilia aliona mgongo ule mdogo ukienda zake bila ruhusa, na mazoea ya miaka kumi na tisa yakamruka mdomoni. "Rudi hapa, Jalala!"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alijikwaa ulimi mara mbili mahali pale pale. Mara ya kwanza angeweza kulisingizia daftari. Mara ya pili ilikuwa hasira yake mwenyewe ya kutotiiwa, na arobaini waliobaki waliisikia vizuri.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Cyril, alikuwa mtu wa kumaliza mambo kabla ya chai. "Peleka kuku, yaishe," alisema. "Ndiyo faini yake, kila mtu anaijua. Umtume Mzee Anselmo ampeleke."

Mzee Anselmo ndiye aliyepiga kengele ya shule na ya kanisa. Akambeba kuku tembe wa Mwalimu Emilia kwapani, akaenda, akarudi alasiri bila kuku.

"Mjomba amepokea," alisema. "Anasema ya wakubwa yamekwisha, hana kinyongo. Ila mtoto anasema haji tena. Na mjomba mwenyewe, Gervas, likizo yake imekwisha, Jumamosi anarudi Mikindani kwenye mkonge. Anasema mtoto asiyesoma hana kazi hapa, atakwenda naye."

Mwalimu Emilia alikaa chini. Huku kwetu baba ni baba, lakini neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba, na Gervas hakuwa mtu mbaya wala mpumbavu. Alisema tu lile ambalo mjomba yeyote angesema. Lakini Mwalimu Emilia alikwisha kuwaona watoto watano wakiteremka genge lile nyuma ya wajomba zao kwenda kwenye mkonge, na hakuna hata mmoja aliyerudi kushika kibao. Dastani alikuwa ameanza kusoma maneno mazima. Zilibaki siku tano.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Mwalimu Emilia alifundisha kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Nambari kumi na saba aliiruka bila kutaja kitu, na kila alipoiruka watoto walimtazama mdomo.

Alhamisi ulipofika wakati wa somo la kusemezana, Dominika alisimama kabla hajaitwa.

"Mwalimu, Dastani ameumia."

"Najua, mwanangu."

"Wewe umesogea?"

Mwalimu Emilia alitafuta pa kutazama, akaona dirisha. "Nimepeleka kuku," alisema.

Watoto walilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa. Hatimaye Vitalis, ambaye alizijua kesi kuliko wote kwa kushtakiwa, akatikisa kichwa. "Kuku hajui kutaja, mwalimu."

"Lakini mwalimu akitaja," alisema mwingine nyuma, "si atakuwa amemwita tena?"

Hata Dominika alikaa chini. Somo lote la miaka kumi na mitatu lilisimama juu ya neno lile la katikati, na sasa lilikuwa limempeleka mahali ambapo kutaja kosa ni kulirudia. Mwalimu Emilia aliona haya, na chini ya haya aliona uchovu ukimwambia kwa sauti tamu: acha, mama, umetoa kuku, mtoto mmoja kati ya arobaini na mmoja, nani atakulaumu? Akawaambia watoto watoe vibao vyao.

Mchana alikwenda kwa Mwalimu Cyril akamwambia kwamba kesho, baada ya masomo, atalipeleka darasa lote nyumbani kwa kina Dastani, naye atamwomba radhi mtoto mbele yao.

Mwalimu Cyril aliweka kikombe chini. "Mbele ya watoto?"

"Nilimtukana mbele ya watoto."

"Mama Cuthbert," alisema, na alipomwita kwa jina la mwanawe ilimaanisha anazungumza kama ndugu, "mwalimu akimpigia magoti mtoto wa miaka minane, kesho mimi nitasimamaje mbele ya darasa la nne? Utavunja heshima ya walimu wote toka hapa mpaka Lulindi."

"Heshima inayovunjika kwa neno moja la kweli, Mwalimu, ilikuwa na ufa tangu zamani."

"Basi maneno ni yako," alisema Mwalimu Cyril akikiinua kikombe. "Mkuki kwa nguruwe. Umewachoma watoto nao miaka yote hiyo, sasa uone unavyouma."

Alicheka kidogo, naye Mwalimu Emilia akacheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Ijumaa wakatoka, mwalimu mbele na daftari kichwani, watoto arobaini nyuma wakifuatana kwenye njia nyembamba ya mchanga kati ya vichaka na mikorosho. Jua lilikuwa kali. Aliwaonya kabla ya kutoka: leo neno "naomba" libaki shuleni. Mtu yeyote asiombe maji kwenye nyumba ile. Watu arobaini na mmoja wakinywa kata moja moja, wanakunywa safari nzima ya mwanamke mmoja bondeni.

"Na tukipewa?" aliuliza Vitalis.

"Hamtapewa. Tembeeni."

Njiani alijaribu maneno. Kila sentensi aliyoianza iliishia kwenye jina lile lile, akaitupa. Nyayo zake zilimuuma na akamkasirikia kila mtu: mkaguzi na daftari lake, Gervas na mkonge wake, na hata Dastani, mtoto mdogo vile kuwa na kiburi vile. Halafu akakumbuka jinsi kile kibao kilivyowekwa sawasawa juu ya mkeka, hasira ikamwishia, na bila hasira alikuwa amechoka zaidi.

Nyumba ya kina Dastani ilikuwa ya fito na udongo, na uwanja wake umefagiliwa. Gervas alikuwa barazani akifunga mkeka na sanduku kwa kamba. Alisimama haraka alipoona uwanja wake umejaa watoto.

"Hodi hapa," alisema Mwalimu Emilia.

"Karibu, mwalimu. Kuna nini? Kuku tulipokea."

"Kuku alikuwa wako, Baba. Hili ni la Dastani."

Mama Dastani alitoka jikoni, akaona, akajifunga kanga vizuri. Mtoto mwenyewe alitoka mwisho, akasimama mlangoni, bega moja nje na bega moja ndani. Hakuwa amevaa lile shati.

Mwalimu Emilia alisimama pale uwanjani, watoto nyuma yake, akasafisha koo. "Dastani," alianza, "mimi mwalimu wako nimekuja..."

"Hujasogea," alisema Dastani.

Hakusema kwa ufidhuli. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichokisahau. Gervas aliinua mkono ili amkemee, lakini Mwalimu Emilia alikwisha kuanza kutembea. Ulikuwa uwanja wa hatua kumi na tano tu. Alifika mlangoni, akaona kwamba akisimama anamtazama mtoto kutoka juu, akapiga magoti. Magoti yakalia, na nyuma yake mtoto mmoja akavuta pumzi.

Hapo, karibu namna ile, maneno yakaja, kwa kuwa sasa aliona uso wenyewe.

"Nilimwita mtu aliyezikwa jandoni," alisema. "Hayupo. Mimi nilikuwepo mlipotoka, nilikula wali wako, nilijua hayupo. Nikamwita mbele ya wenzako, hali wewe umekaa pale nakuona. Mara ya kwanza nilikuwa nimechoka, nikasoma bila kufikiri. Mara ya pili sikusoma. Mara ya pili nilijua, nikasema kwa hasira kwa sababu ulinipa mgongo. Ndivyo nilivyofanya."

Akanyamaza.

Huu ndio ulikuwa mwiba wa somo lake, na hakuwahi kuujua kwa sababu siku zote alikuwa upande wa meza, wa kuamua kesi. Kimya kilikuwa kirefu. Mchanga ulimchoma magotini. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni, asiweze kulifuta. Alitamani kuongeza kitu, kusema kwamba anampenda, kwamba mkonge ni mbaya, kwamba shati alilishona mwenyewe. Alijiuma ulimi.

"Basi, mjomba," alisema Gervas kwa upole, akamgusa mtoto begani. "Mwalimu mzima amepiga magoti. Sema umesamehe, yaishe."

"Asiambiwe, Baba," alisema Mwalimu Emilia. "Tafadhali. Mwachie mwenyewe."

Gervas akashangaa, lakini akaondoa mkono.

"Bado inauma," alisema Dastani mwishowe.

"Nimesikia."

"Walicheka."

"Alicheka mmoja," alisema Vitalis kutoka nyuma, kisha akaja mbio mpaka pale mlangoni, akapiga magoti karibu na mwalimu bila kuitwa. "Nilicheka mimi." Akanyamaza na yeye.

Dastani aliwatazama wote wawili, mkubwa na mdogo, wamepangana kwenye mchanga. Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia.

"Daftari halitujui," alisema. "Jumatatu usitusome. Utuulize."

"Nitawauliza."

Mtoto akageuka akaingia ndani. Hakusema atakuja. Mwalimu Emilia alimtazama Gervas, Gervas akalitazama sanduku lake, na hakuna aliyesema kitu kuhusu Jumamosi.

Walipokuwa wanageuka kuondoka, Mama Dastani alitoka na mtungi na kata. Mwalimu Emilia akashtuka. "Hapana, Mama Dastani, hapana. Tulikunywa shuleni."

"Mwalimu," alisema yule mama, "usinitukane na wewe. Wageni wangu waondoke na kiu?"

Kata ikapita mkono kwa mkono, funda moja kwa kila mtoto, na hakuna aliyemwaga hata tone. Wa mwisho kupewa na Mama Dastani alikuwa mwalimu. Alipomwinamia, akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeungama:

"Mimi ndiye niliyempa lile jina, mwalimu. Ndilo lililomtunza. Nikiwa bondeni peke yangu nachota maji, huliita. Huko hakuna anayenisikia."

Mwalimu Emilia alimshika mkono, akanywa maji, wakaondoka.

Jumamosi alisikia kwamba Gervas ameondoka. Hakuuliza kama ameondoka peke yake. Jumapili kanisani hakuwaona, na sala zilipita juu ya kichwa chake. Kama angeweza kuiahirisha Jumatatu angeiahirisha.

Jumatatu aliingia darasani akakaa, akafungua daftari kwa mazoea, akalifunga. Dastani alikuwa amekaa mkeka wa nyuma kabisa, si mahali pake pa kila siku, amevaa shati la marekani, na hakumtazama. Mwalimu Emilia aliinamisha uso mpaka macho yakakauka. Hakujua kwamba furaha nayo huchosha.

"Leo sitasoma majina," alisema. "Nitauliza. Tuanze nyuma. Wewe ni nani?"

"Dastani," alisema Dastani, akiitazama meza.

"Karibu, Dastani."

Watoto walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Kila mmoja alisimama kwa zamu na kulitaja jina lake kwa sauti kama mtu anayekabidhiwa zawadi. Vitalis alitaja lake, la baba yake, la babu yake, na la mbwa wao. Dominika alisema "Dominika, na si Domi," huku akiwatazama wavulana fulani. Mwalimu Emilia aliandika kila alichosikia kwenye karatasi safi, naye akajisikia mwepesi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu zile chaki za Newala.

Wakafika mkeka wa mbele.

"Na wewe ni nani?"

Pili hakuitika. Mwalimu Emilia aliinua kichwa, maana hilo halikuwahi kutokea. Msichana alisimama, mikono imeshikana mbele, na midomo yake ilikuwa ikijaribu kitu.

"Mwanaheri," alisema.

Mwalimu Emilia alingoja kicheko, akatafuta mshangao kwenye nyuso za watoto, hakuona. Dominika alikuwa akikuna kichwa. Hakuna aliyeshangaa ila mwalimu.

"Sisi tunajua," alisema Dominika. "Nje tunamwita hivyo."

"Pili je?" aliuliza Mwalimu Emilia.

"Pili ni dada yangu," alisema Mwanaheri. "Yeye ndiye aliyeandikwa shule. Kisha akaugua surua, akafa mwezi wa Krismasi. Mama akasema nafasi ni ya jina lake, nisije nikafukuzwa. Akasema nikiitwa niitike upesi."

Mwalimu Emilia alihesabu bila kutaka. Tangu Januari. Kila asubuhi ya Mungu alikuwa akimwita maiti mbele ya mdogo wake, naye mdogo akimwitikia, "Nipo." Na kila asubuhi yeye alikuwa akimshukuru Mungu kwa mtoto mpole.

"Mwanangu, siku zote hizo? Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwalimu," alisema Mwanaheri.

Hapakuwa na lawama katika sauti yake. Alikuwa amejibu swali tu, kama alivyofundishwa. Kutoka mkeka wa nyuma Dastani sasa alikuwa akimtazama mwalimu usoni kwa mara ya kwanza, akingoja aone atafanya nini.

Mwalimu Emilia aliweka kalamu chini. Akaweka mikono juu ya meza, akainuka, magoti yakalia, akasogea.